Herufi Zilizokatwa kwenye Ndala

Mwaka 2015, wakati umeme wa Johannesburg ulipokuwa ukikatwa kwa zamu mtaa kwa mtaa, nilikuwa na kazi mbili. Siku za wiki niliuza vitabu vikuukuu katika duka la katikati ya jiji, kati ya muuza mablanketi kwa jumla na saluni ya Wakongo. Jumamosi asubuhi nilifundisha Kiswahili watoto wa Wakongo wa Bukavu na Uvira ambao hawajawahi kuiona Bukavu wala Uvira, wanaomwelewa mama yao akiwagombeza kwa Kiswahili lakini wanamjibu kwa Kizulu. Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa lao, ghorofani, katika jengo lililowahi kuwa ofisi. Mimi ni Mwislamu wa Tanga, na hakuna aliyejali. Walitaka watoto wao wajue Kiswahili cha vitabu, na Mtanzania, kwa fikra zao, huzaliwa nacho.

Mwenye duka, mzee mpole ambaye lugha yake ya nyumbani ni Kiafrikana, alikuwa amenifundisha lugha hiyo kidogo kidogo kwa sababu vitabu vya nusu ya rafu zake viliandikwa kwayo. Anayesoma Kiafrikana anaweza kukisoma Kiholanzi cha zamani polepole, kama mtu anayetembea gizani katika chumba ambacho anajua vitanda vimewekwa wapi. Kwa hiyo mteja mmoja wa Sandton, mtaa wa matajiri, mtu wa benki mwenye mapenzi ya vitabu vya kale, alipouliza ni lini Waholanzi walianza kuandika kwamba uchapaji ulibuniwa kwao, kazi ilinijia mimi. Alitaka kurasa mbili tu. Zilinikosesha utulivu miezi kadhaa.

Acha nieleze hapa, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana na hadithi hiyo. Dunia karibu yote inakubali kwamba uchapaji wa herufi zinazopangwa na kupanguliwa, kwa upande wa Ulaya, ulianzia Mainz, mji wa Kijerumani. Waholanzi walikuwa na hadithi yao. Walisema kulikuwa na mzee mmoja wa mji wa Haarlem aliyependa kutembea msituni nje ya mji. Siku moja alichonga herufi kwenye gome la mti, akazipaka wino na kuzigandamiza kwenye karatasi ili kuwafurahisha wajukuu zake. Mchezo ukawa kazi. Akachapa kurasa, akaajiri watu. Kisha, usiku wa Krismasi wakati wengine wako kanisani, mfanyakazi wake mmoja akabeba herufi na vifaa, akatoroka, na hatimaye akafungua karakana yake huko Mainz.

Ni hadithi tamu. Shida yake ni kwamba iliandikwa zaidi ya miaka mia moja baada ya mambo inayoyasimulia. Mwandishi anasema aliisikia kwa wazee, ambao nao waliisikia kwa mjalidi mmoja mkongwe, mtu wa kutia vitabu majalada, aliyewahi kutumika katika nyumba ile. Na mjalidi huyo, wanasema, kila alipofika kwenye wizi alilia na kuzilaani zile siku alizolala kitanda kimoja na mwizi.

Niliposoma hapo niliinuka kitini nikazunguka duka zima. Machozi yanathibitisha nini? Kwa nini alie mahali palepale kila mara? Mwenye duka aliniangalia juu ya miwani yake akasema, "Kaa, unanitia kizunguzungu." Nilikaa, nikainuka tena.

Jumamosi hiyo niliwasimulia watoto ile hadithi. Nilitaka wajifunze maneno: gome, wino, gandamiza, mjukuu. Akina mama waliokuwa wakisubiri nyuma ya ukumbi walisikiliza pia. Baada ya darasa mmoja wao alinijia. Alikuwa fundi cherehani, mjane, mama wa binti mkubwa aliyenisaidia kufuta ubao.

"Mwalimu," aliniambia, "huyo muzee wa Uholanzi anafanana na bwana yangu."

"Anafanana vipi, Mama?"

"Bwana yangu njo alianza. Bitambala bya wamama. Alikata herufi kwenye ndala."

'Njo' yao ni 'ndiye' yetu, na vitambala alivyovisema ni vile vitambaa vyeupe vya kichwani ambavyo kundi la akina mama la kanisa huvaa kila sikukuu, vimechapwa neno moja mbele, juu ya paji la uso: AMANI. Ukipita mjini Jumapili ya Pasaka utawaona wanashuka ngazi za jengo wote kwa pamoja, weupe kama maua ya pamba. Bila kitambaa hicho mama hajihesabu kuwa amevaa.

Mume wake, alivyonisimulia, alikuwa mlinzi mlangoni kwa muuza viatu. Binti yao alikuwa mdogo na hataki kusoma. Baba akachukua soli ya ndala, akakata herufi kwa wembe, akazipaka rangi nyeusi ya viatu na kumchapia mtoto kwenye karatasi za kufungia viatu. Mama alipoona, akasema: hizi si zinaweza kukaa kwenye kitambaa? Pasaka ile akina mama wa kanisa lao, ambao hawakuwa na uwezo wa kushona sare, walipanda ngazi na neno vichwani. Baadaye mume aliugua, akafa, na binti akakua akijua tu kwamba baba yake alikuwa mtu wa kufungua na kufunga mlango.

Sasa, kwa nini alinijia mimi? Kanisa lao liligawanyika zamani, bila ngumi, kama watu wanaohama nyumba. Sehemu moja ilibaki mjini, nyingine ilikwenda Midrand, kaskazini mwa jiji, pamoja na mchungaji wao, ambaye wote humwita Pasta. Mwaka ule pande mbili zilikuwa zimepanga kuadhimisha pamoja kuanzishwa kwa kanisa, na walitaka kitabu kidogo cha historia. Mjini hawakumwamini mwandishi wa Midrand. Midrand hawakumwamini wa mjini. Wakaniletea mimi. "Wewe si wetu, si wao," mzee mmoja wa kanisa aliniambia kwa furaha, kana kwamba ni sifa niliyoisomea.

Na katika karatasi walizonipa kulikuwa na maneno ya upande wa Midrand kwamba vitambaa vilivyochapwa vililetwa kwanza na Pasta, alipopata karakana inayochapa fulana.

"Kikitoka kitabu, mambo yamekwisha," mama yule aliniambia. "Binti yangu atasoma hivyo. Watoto wake watasoma hivyo. Bwana yangu atakuwa hajafanya kitu."

Nilimwahidi kuuliza. Nilikwenda nyumbani na wasiwasi ambao sikumwambia. Alikuwa amenisimulia habari ya mumewe baada ya kunisikia nikisimulia ya Haarlem. Herufi za kumfurahisha mtoto, mchezo uliogeuka kazi: yote yalilingana mno. Sikudhani anadanganya. Lakini mtu akisikia hadithi nzuri inayofanana na maisha yake, kumbukumbu yake hujipanga upya bila yeye kujua, kama mtu anavyonyoosha mgongo akimwona mwenye mgongo ulionyooka. Na aliyeileta hadithi hiyo ni mimi.

Nikaanza kumuuliza tena na tena, kwa upole, huku akishona. Duka lake lilikuwa kibanda cha mbao katika ushoroba wa jengo, na umeme ukikatika aliendelea kwa mguu, maana cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga. Aliyasimulia karibu yote kwa namna moja: rangi ilinuka, herufi ya N ilimsumbua mume kwa sababu ya kugeuzwa, vitambaa vilikaushwa kwenye ngazi. Mahali pamoja tu palibadilika. Mara ya kwanza soli ile iliokotwa kwenye takataka nyuma ya spaza, kiduka cha mtaani. Mara ya pili ilikuwa ndala kuukuu ya binti yake.

"Binti alikuwa mdogo, Mama. Soli yake ingetosha herufi ngapi?"

Alilamba uzi, akautia kwenye tundu la sindano. "Labda alipewa na Msomali wa duka," alisema. "Mwalimu, unauliza soli kama polisi. Uliza herufi!"

Nimefundisha muda mrefu. Mwanafunzi akiteleza kila mahali, hajasoma. Akiteleza mahali pamoja tu, kuna jiwe pale. Nilijua kuna jiwe, ila sikujua ni la nini, na sikulala vizuri.

Nikaandika sentensi: "Inasemekana kwamba vitambaa vya kwanza vilichapwa na mlinzi mmoja, muumini wa kanisa la mjini." Nilimsomea.

"Toa 'inasemekana'."

"Mama, sina ushahidi. Waliovivaa wametawanyika, na waliobaki kila mmoja anakumbuka lake. Vile vya kwanza viko wapi?"

"Vilifuliwa. Rangi ya viatu haipendi sabuni. Vikawa vya kijivu, wamama wakakasirika, wakanirudishia."

Nikajaribu njia nyingine, iliyotoka moja kwa moja katika kazi yangu ya dukani. Katika vitabu vilivyonisumbua kuna mahali ambapo mwandishi wa historia wa mji mwingine wa Kijerumani, aliyeishi karibu zaidi na wakati wenyewe, anaamua kwa namna ya kuridhisha pande zote. Anasema, kwa ufupi, kwamba sanaa hii kama inavyofanywa sasa ilipatikana Mainz, lakini mfano wake wa kwanza ulitokea Uholanzi, katika vijitabu vya kufundishia watoto sarufi. Niliipenda hukumu hiyo. Nikamwandikia mama: uchapaji wa vitambaa, kama unavyofanywa sasa, ulianzishwa na Pasta, mfano wake ulikuwa kazi ya mlinzi.

Alisimamisha cherehani.

"Mufano?" aliuliza. "Bwana yangu hakuwa mufano wa mutu. Alikuwa mutu."

Binti yake, aliyekuwa kwenye kigoda akichezea simu, alicheka bila kuinua kichwa. "Eish, Mwalimu. Umekwisha."

Nilichana karatasi.

Jibu nililipata dukani, nikiwa sijalitafuta. Mwenye duka alikuwa akitengeneza kitabu ambacho jalada lake lilikuwa limeachia. Aliniita nitazame. Ndani ya ubao wa jalada, wajalidi wa kale walikuwa wamebandika karatasi za kazi nyingine zilizoharibika, ili jalada liwe gumu. "Hivi ndivyo vile vijitabu vya shule vya Kiholanzi vilivyopona," alinieleza. "Watoto walivisoma hadi vikachanika, hakuna aliyevitunza. Vipande vyake vimepatikana ndani ya majalada ya vitabu vingine. Takataka ya karakana moja ni kiunzi cha nyingine."

Niliondoka pale kabla hajamaliza. Nilivuka barabara taa, wanayoiita robot hapa, ikiwa nyekundu, nikatukanwa kwa lugha mbili, nikafika kibandani nikihema.

"Mama, vile vitambaa vilivyorudishwa. Vilivyokuwa vya kijivu. Ulivifanya nini?"

Aliniangalia kama mtu anayeulizwa jana alikula nini. "Mimi ni fundi. Fundi anatupa kitambaa? Nilivikata, nikaweka ndani ya kola."

"Kola za nini?"

"Majoho ya kwaya."

Majoho yale, ya rangi ya damu ya mzee, mama alikuwa ameyashona kabla kanisa halijagawanyika, na kabla ya vitambaa vya karakana ya fulana. Katika hilo pande zote mbili zilikubaliana, kwa sababu Pasta mwenyewe alivaa joho mojawapo siku aliyowekewa mikono, na picha ya siku hiyo inaonyesha akina mama nyuma yake wakiwa na vitambaa vitupu, bila neno. Kanisa lilipogawanyika, majoho yalikwenda Midrand.

Nilidhani atafurahi. Badala yake alishika meza. "Lazima twende kwa Pasta?"

"Lazima, Mama. Siwezi kufumua joho la watu kwa simu."

"Mwalimu, nenda wewe."

"Mimi sitautambua mshono wako."

Hapo lazima niseme kitu kuhusu Pasta, ambaye hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kupasua bati, na alikuwa na kisa kimoja ambacho kila Mkongo wa jengo lile alikijua. Alikirudia kila alipokuja kuhubiri mjini. Mimi mwenyewe nilikwishakisikia nikiwa nakusanya chaki.

"Nilifika Johannesburg na Biblia moja na ndala mbili," angeanza, na watu wangeanza kucheka hapo hapo. "Juma la kwanza mwizi akaja. Biblia, hakuitaka. Ndala, hakuchukua mbili. Alichukua moja! Nikasema, Bwana, umenileta mji gani, wenye mwizi wa mguu mmoja?"

Ukumbi mzima ungeanguka. Kisha angewaambia kwamba shetani hakuachii kitu kizima, anachukua nusu ili nusu ya pili isikufae. Mama yule alikuwa akicheka pia? Nilipojaribu kukumbuka, baadaye, niliona tu kitambaa chake cheupe kimeinama.

Tulikwenda sisi watatu, mimi, yeye na binti, kwa ile treni ya kasi. Alikuwa hajawahi kuipanda. Mlinzi wa kituo alimwambia kwa ishara ateme ubani wa kutafuna, usioruhusiwa humo, na yeye akaumeza kwa hofu. Njiani hakutazama nje. Alikunja na kukunjua mkoba wake. Binti alimwambia jambo kwa Kizulu na yeye akajibu kwa Kiswahili, "Niache nipumue."

Ofisi ya Pasta ilikuwa katika eneo la maghala, nyuma ya ukumbi wenye paa la bati. Alitupokea kwa mikono miwili.

"Mama! Miaka! Na Mwalimu wa Tanga. Umekuja kunisilimisha?"

"Nimekuja kufumua joho lako, Pasta."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Nilimweleza polepole, kama ninavyoeleza darasani: kitabu, vitambaa, kola, kwa nini kipande kilichofichwa ndani ya kitu kingine kinaweza kusema ukweli kuliko watu watatu wanaokumbuka. Nilimwambia pia kwamba huenda tusikute kitu. Alifikiri. Alikuwa na haki ya kukataa. Lilikuwa joho aliloingia nalo katika utumishi. Lakini alikwenda chumba cha nyuma akarudi nalo likiwa kwenye kiango.

"Kola hii imenichoma shingo tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilifikiri ni uzito wa wito."

Mama alitoa wembe mdogo. Aligeuza kola, akapapasa kwa kidole gumba, akaufungua mshono wake mwenyewe bila kukosea hata uzi mmoja. Ndani kulikuwa na tabaka mbili za kitambaa, kijivu, kigumu. Alizitoa na kuzilaza mezani.

Ya chini haikuwa na kitu. Ya juu ilikuwa na herufi mbili na nusu. M, A, na mguu mmoja wa N. Zilikuwa zimefifia hadi rangi ya chai, zimeinama kushoto, na ukubwa wake haukufanana hata kidogo. Lakini zilikuwa pale.

Binti aliinuka akaja mezani. Aliweka kidole juu ya A, bila kuigusa.

"Basi," alisema mama. "Umeona, Mwalimu."

Nilikuwa nimeona, na ilinibidi niwe mwaminifu. "Nimeona kwamba vitambaa vilichapwa kwa mkono kabla ya vile vya karakana. Pasta, hilo unalikubali?"

"Nalikubali. Macho ninayo." Alikuwa ameinama juu ya kipande, amevaa miwani. Hakuonekana kukasirika. "Ila hakina jina, Mwalimu. Nani alizikata? Ninyi mnasema marehemu. Mwingine atasema mjomba wake."

Alikuwa na haki. Kule Uholanzi pia vile vipande vya majalada havina jina wala mji wala mwaka. Vinasema mtu alichapa. Havisemi ni nani. Ndiyo maana wataalamu wengi leo hawaikubali hadithi ya Haarlem, ingawa hawavikatai vipande.

Pasta alikisogeza kipande kwenye mwanga wa dirisha. "Hebu. Hivi vidoti ndani ya herufi ni nini? Kama upele." Akakitazama tena, akatoa kicheko chake kikubwa. "Hii ni ndala! Hivi ni vile vipele vya juu ya ndala, vya kuzuia mguu usiteleze. Aa, Mama, mlichapa kwa ndala! Basi nimempata mwizi wangu. Labda ndiyo ile ndala yangu!"

Alicheka peke yake. Binti alianza kucheka naye, akaacha.

Mama alikuwa ameshika wembe kwa vidole viwili, anautazama. Ninakumbuka sauti ya lori lililokuwa likirudi nyuma huko nje.

"Ni yako," alisema.

Pasta aliendelea kutabasamu kidogo, kama taa inayochelewa kuzimika.

"Ilikuwa kwenye ngazi, kule tulipokaa wote, mbele ya mulango wenu. Bwana yangu aliona soli nene, mupya. Zetu zilikuwa zimeisha, nyembamba, wembe ulipita upande wa pili. Alisema, nachukua moja tu, mwenyewe atafikiri mbwa. Mbili ni wizi, moja ni mbwa. Alikuwa anapanga kukuambia baada ya Pasaka. Pasaka ilipoisha ulikuwa Durban unatafuta kazi. Uliporudi ulikuwa ushaanza kuhubiri ile hadithi, na watu wanacheka. Akaona haya. Kisha akaugua."

Nilielewa sasa jiwe lilikuwa wapi. Takataka za spaza, ndala ya binti, Msomali: kila mara alikuwa akitafuta soli nyingine ya kumpa mumewe.

Pasta alivua miwani. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ndogo, sikuwahi kuisikia hivyo.

"Mama, tulikuwa wawili katika kile chumba. Kulikuwa na kijana wa Burundi. Nilimshuku yeye. Sikumwambia, ila nilifunga mkoba wangu kwa kufuli mbele ya macho yake. Akahama."

"Najua," alisema mama. "Nilimuona anashuka na godoro. Kila ulipotoa ile hadithi kanisani, wengine walicheka, mimi nilimuona yeye na godoro."

Nilijisikia mgeni kuliko siku yoyote niliyokaa katika mji ule, na nilitamani kutembea, lakini chumba kilikuwa kidogo.

Aliyesema ni binti. Alisema kwa Kiswahili, polepole, akitafuta kila neno, kwa kuwa alitaka wote wawili waelewe. "Kama ndala ni yako, basi aliyekata ni Baba. Hakuna mwingine anaweza kujua ilitoka wapi."

Pasta alimgeukia. Nilimwona akilipima lile jambo. Alikuwa mtu mwenye akili. Mama amekuja na kitu kinachomharibia mumewe jina ili kumpa mumewe jina. Hakuna anayebuni ushahidi wa namna hiyo.

"Mwalimu," alisema, "futa habari yangu ya kuanzisha. Andika marehemu."

"Niandike nini kuhusu soli?" niliuliza, na nilimuuliza mama, si yeye. Jambo hilo lilikuwa lake. Ningeweza kuandika "kwenye ndala" tu, na msomaji asingekosa chochote. Nilimwambia hivyo, wazi.

Alikuwa akirudishia mshono wa kola, bila kitambaa ndani safari hii. Alishona hadi mwisho, akakata uzi kwa meno.

"Andika yote," alisema. "Ukiandika nusu, yuko mufano tena."

"Na mimi nitatafuta namba ya yule kijana," alisema Pasta. "Sijui kama yupo hai. Nitatafuta."

Sentensi iliyoingia kitabuni niliifanyia kazi siku nyingi, kuliko kurasa zote za yule mtu wa Sandton. Nilieleza kwamba herufi za kwanza zilikatwa na mlinzi, nikaweka jina lake kamili, kwenye soli ya ndala ambayo Pasta aliivua mlangoni na ambayo haikuombwa. Kwamba mke wake alizigandamiza kwenye kitambaa. Na kwamba Pasta ndiye aliyeleta rangi isiyofutika. Sikuweka "inasemekana". Kurasa za Sandton nazo nilizipeleka. Mwishoni niliongeza maneno ambayo hakuyaomba: kwamba ningependa kujua yule mzee wa Haarlem, kama aliishi, alibandua gome kwenye mti wa nani, na kwa nini hakuna hata chanzo kimoja kinachouliza. Hakunijibu. Mwenye duka alisema matajiri hawapendi swali mwishoni mwa kazi waliyoagiza.

Siku ya maadhimisho pande zote mbili zilijaa katika ukumbi wa mjini, akina mama mbele na vitambaa vyao vyeupe. Nilikaa nyuma, penye ubao wangu, na binti kando yangu akiwa na kitabu wazi mapajani. Umeme ulikatika katikati ya wimbo na wimbo haukukatika.

Pasta alisimama bila kipaza sauti. "Nilifika Johannesburg na Biblia moja na ndala mbili," alianza, na watu wakacheka kama kawaida. Akasubiri wamalize. Kisha akawaambia kwamba amewadanganya miaka yote, bila kujua. Hakusema mwizi. Alitaja jina la marehemu, akaeleza, taratibu, kwamba ile ndala ilipanda kichwani mwa kila mama wa kanisa hili. Kicheko kilipotea, kikarudi kikiwa cha namna nyingine. Mbele, mama hakuinamisha kichwa.

Binti alisimama. Hakuwa ameniambia kwamba atasimama. Watu waligeuka, kwa sababu vijana wa pale hawana desturi ya kusema kanisani, sembuse kwa Kiswahili.

"Samahani, Pasta," aliuliza kwa sauti. "Ile ndala ilikuwa rangi gani?"

Nilishika kiti. Katika maswali yangu yote hilo sikuliuliza, wala kule ofisini hakuna aliyelitaja.

"Kijani," alijibu Pasta kutoka jukwaani. Na mama wa binti, mstari wa mbele, akiwa bado anatazama madhabahu, alilitamka neno hilohilo pamoja naye.